Mungu wa Tangi la Jikoni

Kabla sijawa mkimbizi, niliwahi kuwa Mungu. Sikukaa sana katika cheo hicho: dakika nne, labda tano, mchana wa Jumanne moja ya mwezi wa sita mwaka 1971, kati ya somo la Kilatini na chakula. Lakini hata katika muda huo mfupi nilifaulu kukosea, na kosa lenyewe halijaisha hadi leo.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwanafunzi wa bweni katika shule ya mapadri, milimani juu ya Gatete. Jina langu, Roger, mpaka siku ninaondoka pale, lilikuwa limeandikwa mara kumi na tisa katika daftari la adhabu. Naomba hesabu hiyo isomwe kwa heshima, kwa sababu aliyenifuata alikuwa na saba tu.

Shule ile ilikunywa maji ya mvua. Maji yalitoka kwenye paa la kanisa, yakapita katika mfereji wa bati, kisha yakashuka kwa bomba la chuma mpaka kwenye tangi kubwa la matofali nyuma ya jiko. Kiangazi bomba lilikauka na tangi likabaki nusu. Siku niliyotumwa kupanda mnara wa kengele ili nitoe viota vya ndege kwenye mfereji (adhabu ya kumi na sita), nilipiga chafya karibu na mdomo wa bomba. Chini kabisa, nyuma ya jiko, nikasikia mtu akisema, "Yezu wangu!"

Mtu huyo alikuwa Cirhuza, mpishi wetu, Mushi kwa kabila, wa upande wa Bukavu, mrefu, mwenye kofia asiyoivua ila kanisani. Alitugawia ukoko wa bugali kupitia dirishani, na hakuuliza nani alikuwa amekula jana. Mtu wa namna hiyo, ningekuwa na akili, ningemwacha na amani yake.

Lakini wiki zile sukari ya mapadri ilikuwa ikipungua. Padri Mkuu alitangaza jambo hilo mbele ya shule nzima kwa uso wa msiba. Mimi nikafanya upelelezi wa kisayansi: ni nani anayeshinda karibu na sukari? Mpishi. Kesi ikaisha. Jumanne ile nikapanda mnara, nikabana pua, nikachagua Kiswahili cha kuhubiria.

"Cirhuza! Cirhuza! Rudisha sukari ya watumishi wangu!"

Ndoo ilianguka. Halafu sauti ndogo ikapanda ndani ya bomba: "Bwana, ni mimi unayeita?"

"Ni wewe. Naona yote."

Kusema kweli, nilichokuwa nikiona ni kiota kimoja na tundu jeusi.

Kesho yake Cirhuza aliomba ruhusa, akashuka kwa miguu mpaka soko la Rumonge, akarudi jioni na kilo mbili za sukari, akaziweka dirishani kwa mapadri. Nilicheka mpaka nikauma mto. Siku nne baadaye nilikuwa nikifagia mbele ya ofisi ya Padri Mkuu (adhabu ya kumi na saba), na mlango haukuwa umefungwa vizuri. Padri Mkuu, ambaye daktari wa Bujumbura alikuwa amemkataza vitu vitamu vyote, alikuwa amesimama peke yake mbele ya bakuli la sukari. Alilowesha kidole ulimini, akakichovya, akakilamba huku amefumba macho, kama mtu anayesali.

Nikaurudisha mlango taratibu. Mungu alikuwa amekosea jina. Sasa, Mungu akikosea, rufaa inakatwa wapi? Nilitafuta katika katekisimu, sikupata. Nikanyamaza, na huko kunyamaza hakukuandikwa katika daftari lolote.

Cirhuza alipoulizwa sukari ile ni ya nini, alisema sauti ya juu imeidai; habari ilipoenea, Padri Mkuu aliulizwa juu ya muujiza ule, akawa mwekundu, akasema njia za Mungu hazichunguziki. Aliyeipokea habari kwa mikono miwili ni baba yangu. Lukeba, baba yangu, alikuwa katekista wa Gatete. Alizaliwa Baraka, ng'ambo ya ziwa, kwa Wakongo, akavuka akiwa kijana kuja kufanya kazi ya michikichi, akabaki. Kila Jumamosi, mbele ya watoto wa katekisimu, alisimulia: "Mungu alimwita mwizi kwa jina lake, akiwa jikoni peke yake, na mwizi akatubu." Watoto waliichukua hadithi nyumbani pamoja na kuni. Haukupita muda, toka Minago mpaka Kigwena, Cirhuza akawa anasalimiwa njiani, "Amahoro, mwizi mtakatifu!" Yeye aligusa ukingo wa kofia, akapita.

Nilipokuja likizo baba aliniambia, "Unamwona mtu yule? Yeye alisikia. Wewe una masikio makubwa kuliko yake na hujasikia kitu."

Nilitazama miguu yangu. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya masikio.

Lazima niseme baba hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa ushahidi. Siku ya Uhuru nilikuwa na miaka mitano, akanipandisha mabegani, tukaenda kusimama kwenye vumbi la Rumonge, na gari likaja na kipaza sauti juu yake, chenye mdomo kama ua la boga. Mimi sikumbuki maneno. Nakumbuka nywele za baba zilizonuka mawese, na mikono yake iliyoshika vifundo vya miguu yangu nisianguke. Kile kipaza sauti kilisema nchi ni yetu, na bendera ikapanda kweli. Miaka iliyofuata gari lilirudi kutangaza chanjo, na watu wa sindano wakaja kweli. Likatangaza ziara ya Askofu, na Askofu akapita. Baba aliweka mambo hayo moyoni kama mwingine anavyoweka risiti.

Mwisho wa mwezi wa nne mwaka 1972, risasi zilianza kusikika Rumonge. Kwanza walikuja watu wenye mapanga, wakaua. Kisha wakaja askari, wakaua zaidi. Walisema waasi walisaidiwa na Wakongo, kwa hiyo kila mwenye ndugu ng'ambo alikuwa na la kujibu. Naliandika hili kwa kifupi kwa sababu hapa mzaha hunikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mapadri walifunga shule. Padri Mkuu alitubariki mlangoni mmoja mmoja, akatuambia tuwe na imani na wakubwa, kisha akapanda gari la kwenda Bujumbura. Aliyebaki ni Cirhuza. Alifunga jiko, akanishika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Naijua njia," nikasema, "naweza kwenda peke yangu."

"Unaijua, ndiyo. Lakini papa yako aliniachia wewe, hakuniachia njia."

Tulitembea siku mbili kwa vijia vya nyuma, tukijificha kila tuliposikia watu, mpaka Gatete. Tulimkuta baba amekaa mlangoni amevaa viatu. Mama hakuwepo. Tangu mwezi wa tatu alikuwa amevuka kwenda Baraka kumzika babu, mzazi wake. Baba akatia muhogo katika mfuko, tukaondoka watatu, tukazunguka mji kwa juu, tukaingia msitu wa Kigwena.

Miti ya Kigwena ni minene hata mvua huchelewa kufika chini. Tulikaa humo majuma mawili na zaidi. Kulikuwa na watu wengine, kila familia chini ya mti wake, na nyani juu yetu sote wakitushangaa. Zena, muuza samaki wa Rumonge, alipita kila siku mbili na kikapu kichwani kama mtu anayekwenda sokoni, akatuachia ndagala kavu na habari. Ndagala zilikuwa nzuri kuliko habari.

Ijumaa moja asubuhi, siku mbili kabla ya Pentekoste, tukasikia gari barabarani. Halafu sauti, kubwa, ikipita juu ya michikichi mpaka kwetu.

"Wananchi wote mulioko msituni, rudini! Amani imerudi! Kila mwanaume afike kwenye uwanja wa ofisi ya komini apokee karatasi ya usalama! Hakuna mtu atakayeguswa!"

Baba alisimama. Akakung'uta suruali, akafungua mfuko, akatoa shati lake la Jumapili.

"Papa, unaenda wapi?"

"Kuchukua karatasi. Hukusikia?"

"Nilisikia. Ndiyo maana nauliza."

"Roger, kile kitu kimedanganya lini? Kilisema uhuru unakuja, ukaja. Kilisema watu wa sindano wanakuja, wakaja, wewe mwenyewe ulilia mpaka ukatapika. Kilisema Askofu atapita saa nne."

"Alipita saa kumi."

"Lakini alipita!"

Cirhuza alikuwa amechuchumaa kando, akimenya muhogo. "Katekista," akasema, "ngoja wengine watangulie. Karatasi haiozi."

"Wewe ndiye usiyefaa kusema hivyo," baba akamjibu huku akifunga vifungo. "Wewe uliitwa kwa jina. Sauti ya juu ilikukuta jikoni peke yako. Ilikosea?"

Cirhuza akainamisha kichwa juu ya muhogo wake, kisu kikaendelea kutembea.

"Ilikosea," nikasema mimi.

Wote wawili wakanitazama. Nikaanza na chafya, nikaendelea na bomba, na pua niliyoibana, na kiota, na kidole cha Padri Mkuu. Kwa mara ya kwanza maishani nilikiri bila kuulizwa na bila kupunguza chochote.

"Anayesema kutoka juu haoni, Papa," nikamaliza. "Mimi nilikuwa juu, nikaona kiota tu. Na huyu wa gari ni hivyo hivyo. Labda haoni. Au anaona, na amebana pua."

Vidole vya baba vilibaki kwenye kifungo cha mwisho. Aliyesema ni Cirhuza, bila kuinua macho.

"Mimi nilijua sikuiba. Nikakaa pale karibu na tangi, nikawaza: basi Mungu amekosea jina. Iko na watu wengi sana, inaweza kutokea. Lakini nani atamwambia? Nikanunua sukari tu, asipate haya."

Nilingoja kofi. Nililingoja kwa matumaini, kwa sababu baba akinipiga lazima ahubiri, na akihubiri atachelewa, na gari litakwenda zake. Lakini alinipita, akasimama mbele ya Cirhuza.

"Mwaka mzima," akasema, "mwaka mzima nimekuita mwizi mbele ya watoto wa watu."

"Mwizi mtakatifu," Cirhuza akamsahihisha. "Iko na nafuu kidogo."

"Jumapili ni Pentekoste. Nitafungua kanisa, nisimame pale pale nilipokuwa nasimama, niseme nilikosea. Niseme Cirhuza si mwizi."

"Sema hapa hapa, ndugu yangu. Hawa nyani watasambaza."

"Hapana. Jina lako nililichafua kanisani, halitasafishwa porini. Na kusimama kanisani nahitaji ile karatasi. Nitaomba tatu."

"Lukeba, mimi sihitaji."

"Wewe huhitaji. Mwenye kuhitaji ni mimi."

Nikaona nilichokifanya. Nilikuwa nimetoa ukweli ili umzuie, na ukweli ukamvika viatu. Nilimshika shati, nikamuuliza mama akirudi atasema nini, nikamwambia nitasoma, nitaacha utundu wote kuanzia dakika ile. Akavibandua vidole vyangu kimoja kimoja, bila hasira.

"Na wewe," akasema, "tutaongea nikirudi."

Kila mtoto wa mwambao ule anajua maneno hayo maana yake ni viboko. Sijawahi kutamani kitu kama ninavyotamani viboko vile.

Akaondoka, akifuata kijia cha kwenda barabarani. Pale ukingoni mwa msitu palikuwa na mchikichi mrefu ulioinama kidogo. Nikakimbia kwa upande mwingine, nikaupanda bila kamba, magamba yakinichuna mapaja, nikafika kwenye makuti. Nilimwona chini, shati jeupe katika majani. Nikabana pua. Nikaita kwa sauti ile ya tangi, kwa nguvu zangu zote:

"Lukeba! Lukeba! Rudi!"

Alisimama. Moyo wangu ukasimama pamoja naye. Hakutazama mbinguni. Alitazama moja kwa moja kwenye mchikichi.

"Sauti hiyo sasa naijua, Roger," akasema. "Shuka usianguke."

Akapunga mkono, akaendelea.

Ningemwita robo saa mapema, kabla ya kukiri, angerudi. Angerudi akikimbia, angepiga magoti, na mpaka leo angekuwa akiwasimulia watoto jinsi Bwana alivyomwita kwa jina lake katika msitu wa Kigwena. Nilikuwa na sauti moja tu duniani ambayo angeitii, na nilikuwa nimetoka kuivunja mwenyewe, kwa kusema kweli. Nilipoanza shule mapadri walitufundisha kwamba ukweli utatuweka huru. Sikukumbuka kuuliza: sote, au baadhi?

Ijumaa hakurudi. Jumamosi hakurudi. Jumapili ya Pentekoste Zena alikuja bila kikapu. Alikaa chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja.

"Walioingia uwanjani hawakutoka kwa miguu," akamwambia Cirhuza. "Malori ndiyo yalitoka. Yamefunikwa. Ondoeni mtoto huyu."

"Ulimwona Lukeba?" Cirhuza akauliza.

"Nilimwona kwenye mstari. Alikuwa akiwapanga watu, wazee watangulie mbele, wasichoke na jua."

Huyo alikuwa baba yangu hasa. Zena hakuhitaji kuniapia.

Jumatatu mchana mvua kubwa ilinyesha, ile inayofuta ziwa lote mpaka huoni mkono wako. Mvuvi mmoja, Kalume, alisema ni mvua ya kuvukia. Hakuna askari ambaye angetuona. Yeye alipiga kasia, mimi na Cirhuza tukikomba maji mtumbwini kwa sufuria ya shule ambayo alikuwa ameibeba tangu siku aliyofunga jiko. Nikamwambia kwamba sasa ameiba kweli. Akacheka, halafu akalia, na kwa mvua ile hakuna aliyelazimika kujua ni lipi.

Baraka tulimkuta mama kwa kaka zake. Jina lake ni Pascasie, na si mtu wa kelele. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akanigeuza huku na huku kama anayenunua samaki, kisha akatazama nyuma yangu, akamwona Cirhuza, akatazama nyuma ya Cirhuza.

"Papa yako iko wapi?"

"Alienda kuchukua karatasi."

Akafikiri kidogo. "Watu ni wengi," akasema. "Mstari ni mrefu."

Umepita mwaka na bado anasema hivyo. Hasemi kila siku. Ni pale tu anapopakua chakula na mkono wake ukakosea hesabu ya sahani.

Pentekoste ya mwaka huu, katika kanisa la Baraka, padri alipomaliza kuhubiri nilisimama. Nimesimamishwa mbele ya watu mara nyingi, lakini hiyo ndiyo mara ya kwanza kusimama mwenyewe. Nilisema kwa sauti yangu, ambayo siku hizi imekuwa nzito na hainilazimu kubana kitu: kwamba Cirhuza, yule pale mwenye kofia magotini, hakuiba sukari, ni mimi niliyemsingizia, na katekista Lukeba wa Gatete alitaka kusema hivyo mwenyewe ila amechelewa. Watu hawakuelewa kitu. Hapa hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Padri akakohoa.

"Keti, mutoto," Cirhuza akaninong'oneza. "Unanipa sifa mbaya ambayo huku sikuwa nayo."

Lakini alinishika mkono, na hakuuachia mpaka baraka ya mwisho.

Nilimuuliza siku ile, tukirudi, kama bado anamwamini Mungu, baada ya yote.

"Namwamini," akasema. "Ila upande wa majina, inabidi kumusaidia kidogo."

Ni kweli. Namsikia jioni akisali nyuma ya nyumba, polepole, kama mtu anayeelekeza mgeni: "Lukeba. Katekista. Wa Gatete, si yule wa Minago. Ana kovu kwenye kidole gumba cha kushoto. Shati jeupe, kifungo cha tatu si cha rangi moja na vingine."

Mimi bado sijaamua. Kesi ya Mungu naiacha wazi. Ya wakubwa wenye magari nimeifunga.

Napanda michikichi ya wajomba. Ndiyo kazi yangu kwa sasa, mpaka ipatikane shule itakayonipokea pamoja na rekodi yangu. Mjomba hulalamika kwamba nakata mikungu upesi lakini nashuka polepole mno. Asubuhi zisizo na ukungu, ukiwa juu, milima ya Burundi huonekana ng'ambo, ya buluu, karibu kama kitu cha kuazima. Nikimaliza kukata hukaa pale kwenye makuti muda mrefu kuliko inavyohitajika, miguu ikining'inia, vibaya, bila kushika kamba sawasawa. Nangoja mtu aniambie nishuke, nisianguke.